Uasi Ulianzia Kwenye Beseni

Msinigunie kabla sijaanza, na ninyi wa mbele acheni kutazamana, maana nitakayosoma niliyaona kwa macho haya, wengi wenu mkiwa hamjazaliwa na wengine mmejificha uvunguni.

Marehemu mdogo wangu alizaliwa tarehe 3 Machi 1931, akasoma hadi darasa la tatu, na mwaka 1947 tukaajiriwa pamoja kuwa madobi wa kambi ya askari wa mkoloni, chumba cha mabeseni thelathini na pasi nane za mkaa. Mwaka 1952 aliolewa na mwalimu, huyu shemeji yangu aliyekaa kiti cha mbele, wakapata watoto wawili, na wa tatu nitamtaja.

Ijumaa tarehe 6 Mei 1955 pasi iliunguza kola ya mkubwa wa kambi, mdogo wangu akachapwa viboko kumi na viwili mbele ya gwaride, na mimba yake ya miezi mitano, yule mkubwa akicheka, "Sasa utajua kunyoosha!" Hakulia, aliniambia tu, "Dada, Jumapili tunaloweka zote."

Kila Jumapili kambi nzima ilituletea sare, tuzirudishe Jumatatu alfajiri, na Jumatatu ile hatukurudisha hata soksi. Askari mia mbili wakabaki na chupi, bunduki wanazo, suruali hawana, mkubwa akaona ni aibu ya dola kuwatoa hivyo, na watu wakaingia ofisi ya wilaya wakachoma madaftari ya kazi za lazima. Uasi ulianzia hapo, kwenye beseni. Shemeji na hotuba yake walifika Alhamisi.

Mdogo wangu alipoulizwa, alisema kafanya peke yake, nasi tukanyamaza, mimi wa kwanza. Akafungwa miaka minne, mtoto wa tatu akamtoka kwenye sakafu ya gereza, na vitabu vya shule vikamwandika mumewe mwalimu kuwa ndiye aliyeanzisha uasi. Jana kamati ya familia ilinirudishia karatasi hii, mwaka 1955 umefutwa kwa wino mwekundu, eti, "Bibi, Mzee atajisikia vibaya." Ajisikie! Huyu hatafukiwa na uongo juu yake.

Aliugua mapafu tangu 1998, akafariki tarehe 2 Juni 2003, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari, majirani waliombeba mgongoni, na madobi wenzake watatu waliobaki, simameni muonekane.

Mdogo wangu, lala, hakuna wa kukuamrisha tena.

Shemeji, ratiba inasema sasa ni hotuba yako. Mimi siisikilizi, natoka, na mlango naufunga mwenyewe.