Fransisko Lukwele na Msamaha Ambao Hakuuomba

Kabla hatujamshusha, na kwa idhini ya padre, ya mjane na ya wakubwa wa ukoo, mimi Yuliana, mtoto wa dada yake Kristina, ndiye niliyepewa kuyasoma maisha ya Mjomba wetu Fransisko Lukwele, kwa kuwa kwetu Waluguru mtoto wa dada ndiye mwenye mdomo wa ukoo, na wale waliosema jana jikoni kwamba kusoma Makerere kumeniondolea adabu za msiba, nawaomba wavumilie, watapima wenyewe mwishoni.

Marehemu alizaliwa mwaka 1914 hapa hapa Mgeta, siku yenyewe hakuna aliyeishika, ila alibatizwa tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko, na jina likapatikana bila mtu kuumiza kichwa. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1923 hadi 1928, akaishia darasa la nne baba yake alipofariki, na sitasema kwamba alikuwa wa kwanza darasani kama wanavyosomewa marehemu wote, maana makaburi haya yangekuwa na wa kwanza wengi kuliko madarasa yaliyowahi kuwapo.

Mwaka 1936 alishuka Morogoro mjini akaajiriwa kupaka rangi nyumba za serikali, tarehe 12 Novemba 1938 akafunga ndoa na Magdalena, mjane wetu huyu, na wakajaliwa watoto wawili, Andrea mwaka 1940 na Maria mwaka 1946. Katikati hapo ilikuwa vita, naye alichukuliwa jeshini mwaka 1941, hakupewa bunduki, alipewa brashi, akapelekwa kambi ya malori huko Nakuru kwenye baridi kama hii yetu, na huko ndiko alikojifunza kazi aliyoifia, yaani kuchora mahali pa kuegesha magari. Watu wawili huvuta uzi uliopakwa chokaa, wakaunyanyua katikati na kuuachia upige chini, alama ikabaki, ndipo brashi hufuata, na penye ukungu sharti kwanza uburute nusu pipa lenye makaa ya moto mpaka chini pakauke, maana rangi ya mafuta juu ya unyevu haikauki, inakaa tu kama malai juu ya maziwa.

Mwaka 1947 alipata kazi hiyo katika hoteli ya Wazungu iliyokuwa huku juu mlimani, pamoja na Mzee Salehe wa Kinole, ambaye ndiye aliyekuwa akivuta pipa, na nyapara wao alikuwa Bwana Severini, huyu aliyekaa mbele kwenye kiti, mwenye koti jeusi.

Hapa inanibidi nisimame kidogo, kwa sababu leo asubuhi Bwana Severini alimwita pembeni Mjomba Yohana, mkubwa wa ukoo wetu, akaomba niongeze sentensi moja, kwamba marehemu aliwahi kukosea kazini na yeye Severini alimsamehe. Mjomba Yohana ni mtu wa amani, akanijia akaniambia, "Mwanangu, iandike tu, mwenzio kaleta jeneza." Nikamjibu, "Shikamoo Mjomba, jeneza tumelipokea, sentensi arudi nayo." Lakini kwa kuwa Bwana Severini ndiye aliyelitaja kosa, si haki niliruke.

Tarehe 1 Juni 1953, siku moja kabla ya sherehe ya kutawazwa Malkia, hoteli ilitegemea wakubwa kutoka mjini, na uwanja wa magari ulitakiwa uwe mweupe kama kanzu ya Idi. Ukungu ulikuwa umelala mpaka mlangoni. Mzee Salehe alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuburuta makaa, nyapara akatokea akasema, "Hayo makaa yapelekeni jikoni, mbuzi bado mbichi." Mjomba akamwambia, "Nyapara, chini kumelowa, rangi hii haitashika." Severini akamuuliza, "Wewe ni fundi au mtabiri?" Mjomba akasema, "Fundi." "Basi paka." Mzee Salehe akaguna, naye akaambiwa, "Na wewe unayeguna, beba pipa." Makaa yakaenda kwa mbuzi, na Mjomba akapaka, kwa kuwa mtu mwenye watoto hupaka akiambiwa paka.

Kesho yake wakubwa wakaja. Rangi ikapanda magurudumu, ikapanda viatu, ikapanda ngazi za baraza, ikaingia na wageni hadi kwenye zulia, ikashika pindo la gauni la mke wa meneja, na bwana mmoja mzito aliyeteleza akakaa chini, alipoinuka alikuwa punda milia upande wa nyuma. Meneja akauliza ni kazi ya nani, na nyapara wetu, ambaye mbuzi alikuwa bado katikati ya meno yake, akajibu, "Ni Fransisko, bwana, nilimkataza, ana chuki na Wazungu." Mnaoukumbuka mwaka ule, na habari zilizokuwa zikitoka Kenya, mnajua neno hilo lilikuwa na uzito gani. Mzee Salehe alipofungua mdomo alifukuzwa siku ile ile. Mjomba akapewa adhabu ya kupiga magoti na kuusugua uwanja wote kwa mafuta ya taa na maji ya kijito, kipupwe kizima, wageni wakimpita na sahani za chai, na kilipokwisha Septemba akafukuzwa naye, akitanguliwa na sifa ya uchochezi kila alikobisha hodi. Kikohozi alichorudi nacho nyumbani hakikumwacha tena.

Alirudi kwenye kabichi zake. Lakini mwaka 1956, parokia ilipokuwa ikijiandaa kwa jubilei, padre alimwomba achore mahali pa magari uani kwa kanisa, na wakati huo Bwana Severini alikuwa amekwisha kununua gari na kujenga Kihonda, akija kusali huku kwa wazazi wake ili tumwone. Mjomba alimchorea nafasi yake kati ya ukuta na pango la Bikira Maria, akalipima gari barabara kabisa, mwenye gari hakumpima. Jumapili ya kwanza gari likaingia vizuri, milango ikakataa kufunguka, kulia ukuta, kushoto mawe ya pango, na Bwana Severini akatokea dirishani, kichwa kwanza, tumbo likifuata kwa shida, mtani wetu Mikidadi akimpigia kelele kutoka barabarani, "Haya, sukuma, sukuma! Anazaliwa mara ya pili, mkunga yuko wapi?" Alipoweza kusimama akamfuata Mjomba kwa hasira, na Mjomba akamwambia kwa upole, "Nyapara, mimi si mtabiri, ningejuaje kwamba utanenepa?" Sisemi ni jambo la Kikristo. Nasema kwamba tangu siku hiyo Mjomba hakukosa Misa, na mjane ni shahidi kwamba kicheko kile kilimlegeza kifua kuliko dawa zote.

Mwezi Machi 1958 kifua kilimbana, akalazwa hospitali ya Morogoro, akarudi, akalazwa tena mwezi Juni. Padre alipomtembelea, si kwa kitubio bali kwa mazungumzo, mbele ya mke wake, alimuuliza, "Fransisko, Severini umemsamehe?" Akajibu, "Aje aombe msamaha, padre, nitampa hapo hapo." "Na asipokuja?" "Basi nitakaa nao." Mzee Salehe akachukua ujumbe akaenda nao Kihonda kwa miguu, na jibu alilorudi nalo ni kwamba Bwana Severini ana wageni. Mjomba alisubiri wiki tatu, kila mlango ulipolia aligeuza shingo, na alifariki Jumatano tarehe 16 Julai 1958, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliombeba kwa machela kwenye mteremko mara mbili bila kuombwa mara mbili, watani wetu, ambao leo wameahidi kunyamaza na ahadi hiyo wameivunja tangu asubuhi, na wafanyakazi wenzake wote, hasa Mzee Salehe, yule pale, ambaye yuko tayari kuulizwa na yeyote anayeona nimeongeza chumvi.

Bwana Severini, jeneza ni zuri, tunakushukuru, na udongo upo wa kutosha, utachota konzi yako kama mwanadamu mwingine yeyote. Ile sentensi haimo. Wewe huna la kumsamehe, na sisi msamaha wako hatuna, alikuwa nao yeye, akakuwekea mpaka alfajiri ya Jumatano, hukuja kuuchukua, na sasa tunamshusha nao.

Mjomba Fransisko, nenda kapumzike, asiyepumzika tunamjua.