Mashine Zilizoipika Barafu ya Agnete

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Dorthe Ravnkilde, Meya wa mji wetu wa Skarholm, waheshimiwa madiwani, majirani na ndugu wote mliofika: habari za mchana.

KUKUPOKEA

Sisi wachoraji wa katuni wa ushirika wa Mejeriet tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Kahawa ipo, mkate mweusi upo, na samaki wa heringi wa siki wapo. Umekuja kutufungulia chumba cha mashine na kuitazama filamu yetu pamoja na wananchi wako. Kabla hujakata utepe, tunaomba utusikilize kidogo, kwa kuwa taarifa tuliyoileta ofisini kwako ilieleza mashine tu. Haikueleza yaliyompata mwenzetu Agnete Kjærsgaard.

TULIKOTOKA

Jengo hili lilikuwa kiwanda cha maziwa, na ndiyo maana ya jina Mejeriet. Agnete ndiye aliyetushawishi kulipanga, na wengi wetu tulijifunza kuchora pembeni ya meza yake. Maisha yake yote amechora sungura na dubu wa watu wengine. Alipotimiza miaka sabini alitwambia sasa anataka kuchora filamu moja ya kwake.

Mheshimiwa, wazee wa hapa wanalikumbuka tukio alilotaka kulichora. Majira fulani ya baridi ghuba iliganda, kivuko kikakwama, na mama yake Agnete alikuwa na uchungu wa kuzaa. Baba yake, nahodha wa kivuko hicho, akashuka kwa miguu juu ya barafu, taa mkononi, kwenda ng'ambo kumleta mkunga. Hakurudi. Agnete, mtoto mdogo, alikuwa amemfuata hadi ukingoni bila mtu kujua, na aliiona barafu ilipofunguka.

"Kila mtu anadhani barafu ni nyeupe," alitwambia. "Ile ilikuwa na rangi yake, na mwanga ulikuwa unatoka chini. Rangi ile naijua mimi tu."

Tukakubali kuitengeneza. Wiki chache baadaye daktari wa macho akamweleza kwamba sehemu ya katikati ya macho yake inakufa polepole, na dawa haipo. Alirudi kazini mchana uleule, akavua koti, akasema, "Haya, tuharakishe. Nataka kuiona kwanza."

TULIVYOKWAMA

Katuni ikishachorwa, inabaki kazi ya mwisho: kompyuta ikokotoe mwanga, kivuli na rangi ya kila picha, moja baada ya nyingine. Sisi tunaiita kupika. Kwa kazi hiyo halmashauri yako ilitupatia ruzuku, nasi tunashukuru. Lakini sharti la ruzuku lilitaka mashine mpya tu, tena zilizomo kwenye orodha ya halmashauri.

Tulikaa kikao. Villads Mønsted, mwenzetu anayeshughulikia mitambo, alikuwa amesikia kwamba kampuni moja ya bima inafunga ofisi zake na kuuza mashine zake kubwa zilizotumika.

"Ni za polepole," alisema, "lakini zina kumbukumbu ya kutosha. Barafu ya Agnete ni nzito. Mwanga unapita ndani yake, unavunjika, unarudi. Mashine lazima iibebe picha nzima kwa wakati mmoja. Ikishindwa kuibeba, kasi haina maana."

"Wewe nawe!" Johanne, mwenyekiti wetu anayekusomea haya, alimkatiza. "Unataka tumpelekee Meya vyuma vya bima? Ruzuku itaondoka."

"Orodha ya halmashauri ina mashine za kadi za michoro, zile zinazokokotoa picha, zenye kasi kweli, lakini kumbukumbu yake ndogo. Angalau tuombe duka liipike picha yetu moja kabla hatujanunua."

"Duka gani litakuruhusu kuonja supu kabla ya kulipa?"

Watu wakacheka. Agnete aliuliza, "Ipi itafika mapema?" Tukamjibu kwamba mpya zitafika mapema. Akanyanyua mkono kuziunga mkono, na sisi sote tukafuata, hata Villads.

Zilifika zikiwa nzuri za kutazama. Zilipika nyumba, anga na kivuko kwa kasi iliyotufurahisha. Zilipofika kwenye barafu, zikagoma. Tuliweka kadi mbili kwenye mashine moja tukidhani kumbukumbu zitajumlishwa. Hazikujumlishwa, kila kadi ilitaka kuibeba picha yote peke yake. Tulipunguza uzito wa barafu ili ipite, ikapita. Agnete akasogeza uso hadi karibu na kioo cha kompyuta.

"Hii ni plastiki," alisema.

Tuliiandikia ofisi yako kuomba kubadilisha vifaa. Tukajibiwa kwamba sharti ni sharti. Majira ya baridi yakaisha. Agnete alianza kumwaga kahawa nje ya kikombe, kisha akaacha kuja kwa baiskeli. Hakumlaumu mtu. Ila Villads alimsikia mara moja akijisemea mbele ya dirisha, "Mlingoti wa bendera umeenda wapi?" Mlingoti ulikuwa palepale mbele yake.

TULIYOFANIKISHA

Hatimaye tulichangishana wenyewe tukazinunua mashine za bima. Safari hii Villads alibeba picha nzito kuliko zote katika filamu, akaipika hukohuko kwenye ghala la kampuni ya bima kabla ya kukubaliana chochote, akapima pia umeme unaoliwa kwa kila picha, maana mashine kuukuu ya bei nafuu inaweza kukufilisi kwa umeme. Zile zenye uroho aliziacha. Mashine mpya tukazibakiza kwa uchoraji na picha nyepesi. Ndivyo tulivyojifunza, Mheshimiwa: chagua kazi kwanza, ndipo uchague mashine.

Barafu ilipopikika, Agnete hakuweza tena kuiona. Alikaa kwenye kiti chake, Villads pembeni.

"Niambie."

"Ni ya kijani."

"Kijani cha nini?"

"Kama chupa."

"Ya bia au ya dawa?"

Villads aliitazama tena. "Ya bia."

"Basi si yenyewe. Ondoa manjano. Mwanga ushushe chini zaidi, uwe kama mtu amebeba taa kwa mbali."

Tulipika, tukamweleza, akakataa, tukapika tena. Mashine zile kuukuu hazikugoma hata mara moja. Siku moja Villads alieleza kwa muda mrefu, na Agnete hakukatiza. Alipomaliza, Agnete alishika mkono wake akasema, "Huyo ndiye baba. Iacheni hivyo." Villads akatoka nje akasimama kwenye upepo hadi Johanne alipomfuata.

Hiyo ndiyo filamu utakayoiona leo.

TUNAYOOMBA

Tunaomba sharti la vifaa vipya na orodha yake viondolewe, mwombaji apimwe kwa kazi anayotaka kufanya. Tunaomba kompyuta ambazo halmashauri inazipeleka kuvunjwa zifutwe taarifa zake kisha vikundi kama chetu vizijaribu kwanza. Na anapotokea mtu akiandika kwamba muda unamwishia, barua yake ijibiwe na binadamu aliyeisoma.

Haya hayatamrudishia Agnete macho. Hata mashine sahihi zisingeyaponya. Zingempa msimu mmoja tu wa baridi wa kuitazama barafu yake, nasi tungefurahi kumpa huo.

Ombi la mwisho si la ofisi, ni lako wewe. Agnete yuko hapa, kiti cha kwanza karibu na dirisha. Ukishuka kumsalimu, usinyooshe mkono ukangoja, hatauona. Mtaje jina, umwambie wewe ni nani, kisha uushike mkono wake. Na filamu ikifika kwenye barafu, kaa karibu naye. Atakuuliza unaona nini. Tafadhali mweleze vizuri.

Mungu akupe afya, aulinde mji wetu na wote wanaovuka maji yake.

Imesomwa na Johanne Bjerregaard, mwenyekiti, kwa niaba ya

Ushirika wa Wachoraji wa Katuni Mejeriet,
Skarholm.