Jairus Wangila, Fundi Aliyeunganisha Kitale na Bungoma

Tarehe 30 Septemba 2025, Bwana Jairus Wangila, fundi mkuu wa mitambo hapa Kitivo Studio, anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kazi. Wengi wetu tulimkuta hapa. Wale waliomtangulia wameshaondoka wote, kwa hiyo hakuna wa kumsahihisha anaposimulia mambo ya zamani, naye anajua hivyo.

Alizaliwa Malakisi katika familia ya wakulima wa tumbaku, akajifunza kutengeneza redio sokoni Moi's Bridge, na mwaka 1997 akachukuliwa kutunza vinasa sauti vya vipindi vya wakulima. Kilikuwa kibarua cha miezi mitatu.

Hadi mwaka 2016, wenzetu wa Bungoma walikuwa wakirekodi na kutuma diski kwa pikipiki, nasi Kitale tukihariri. Ili watu wawili wasifungue kipindi kimoja na kufutiana kazi, ilikuwa desturi kusimama kwenye korido na kutangaza: "Niko ndani ya mahindi!", yaani kipindi cha mahindi. Aliyekuwa msalani hakusikia, na kazi ya siku nzima ikapotea.

Jairus ndiye aliyetupangia mtandao wa pamoja. Rekodi zote zilihamia kwenye seva moja hapa Kitale, wahariri wa miji yote miwili wakawa wanazifungua moja kwa moja, na mtu akiingia ndani ya kipindi, wengine wanaliona jina lake. Video alizitengea nyaya za buluu na ofisi akaipa za manjano, ili Kagwe wa matangazo atazame mpira wake bila kutukwamisha. Kagwe anakana mpaka leo.

Haikuanza vizuri. Kila mashine kwenye mtandao huwa na anwani yake, na Jairus aliipenda sana mipangilio yake ya Kitale hata akainakili Bungoma tarakimu kwa tarakimu. Siku ya kuunganisha, kila anwani ilikuwa na wenyewe wawili. Nelima, mhariri wetu wa Bungoma, kila alipoitafuta seva alijibiwa na printa iliyokuwa nyuma ya kiti chake. Kwa siku mbili tuliwalaumu watu wa intaneti. Jumatatu, kwenye maombi ya asubuhi, Jairus alisimama wimbo haujaisha. "Mimi ndio nimekosea, bana," alisema. "Hao watu tuwaombe msamaha." Akawapigia simu kweli.

Nilikuwa na wiki tatu tu kazini. Sikuwa nimewahi kumwona mkubwa akikiri kosa ambalo hakuna mtu aliyeligundua, na nadhani ndiyo sababu bado niko hapa.

Mwaka huu seva ilizeeka. Ndani yake mlikuwa na kila kipindi tulichowahi kutengeneza, pamoja na sauti ya marehemu Nabwile, mtangazaji wetu wa kwanza, ambayo haipo mahali pengine popote. Jairus alitangaza kwamba kuhamisha kila kitu ni kazi yangu, Nyaruai, peke yangu. Nilimwambia siwezi. Aliniuliza Oktoba nitaweza vipi, kama Agosti siwezi naye yupo?

Siku ya kuhamisha alikaa barazani na chai yake, simu akamwachia askari wa geti. Saa sita mchana rekodi zote zilikuwa zimeingia kwenye seva mpya, lakini kule Bungoma kila video ilikwama baada ya sekunde nne. Nilikwenda barazani mara tatu. Mara mbili alinikaribisha chai. Mara ya tatu aliuliza kama nimeangalia swichi zote, vile visanduku vinavyounganisha nyaya za mtandao, au zile nilizoziwaza tu. Nikarudi kuzikagua moja moja, na ile ya Bungoma ndiyo niliyosahau kuibadilishia mipangilio. Saa kumi jioni Nelima alipiga simu, akaiweka karibu na spika, nikamsikia Nabwile akiwasalimu wakulima wa Ndalu. Nililia, sitaficha. Jairus aliomba tu sauti iongezwe.

Ijumaa iliyopita alinitaka nifute jina lake kwenye mfumo. Nilisita, akasema mtu asiyefanya kazi hapa hana haja ya funguo. Nikalifuta. Akavuta kiti, akaandika nywila yake ya miaka tisa, na mtandao alioujenga kwa mikono yake ukamkatalia. Alijaribu tena, ukamkatalia tena. Kisha akanipa mkono kama anayenisalimia kwa mara ya kwanza.

Mzee Jairus, asante kwa yote uliyotufundisha, na zaidi kwa yale uliyokataa kutufanyia. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani Malakisi, na siku ndefu pamoja na mkeo, mama Nekoye, na wajukuu. Ukiona simu kutoka Kitivo, pokea bila wasiwasi. Tutakuwa tunakusalimia tu.