Mipini ya Shaba ya Ruweida binti Kificho

Assalaam alaykum. Dada yetu tumeshamzika, lakini kabla hatujatawanyika hebu tumzungumzie kidogo.

Dkt. Ruweida Kificho Hamdan alizaliwa Wingwi tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa Mzee Kificho, muadhini, na Bi Mize. Tangu utotoni alikuwa akinusa kila kitu: misumari, masufuria, hata kitasa cha jirani. "Pua ya mtoto huyu haina adabu!" Bi Mize akilalama huku akicheka.

Alisoma skuli Wingwi na Konde, akaenda chuo kikuu Dar es Salaam, kisha India, akabobea katika sayansi ya maada, elimu ya tabia za vitu kama chuma, plastiki na kitambaa. Akarudi kufundisha Unguja. Mwaka 2006 aliolewa na Mwalim Hafidh, aliyevumilia kukuta vipande vya bati hadi kwenye kabati la nguo. Mungu amzidishie subira.

Korona ilipoingia, Ruweida alihangaikia vitambaa vya barakoa. Februari 2021 ugonjwa ukamchukua baba yake. Muadhini aliyewaita watu umri wake wote alibebwa na watu wanne tu, mbiombio, maana wengine waliogopa kushika jeneza. Ruweida, aliyekuja kumuuguza, aliyaona yote dirishani, na yalimuuma mno. "Baba hakukosa watu," alimwambia mumewe. "Watu walikosa pa kushika."

Basi akaivika shaba tupu mipini ya jeneza la msikiti wa Wingwi, kwa kuwa virusi havidumu juu ya shaba kama vinavyodumu juu ya plastiki. Wala hakumdanganya mtu. "Kunawa palepale, barakoa palepale," alisema. "Hii inawapunguzia hofu."

Shaba ikafubaa, ikawa nyeusi. Mzee Bakar, mtunza msikiti, akaona haya. Kwetu kitu cha heshima hupigwa vanishi kabla ya Ramadhani, naye akaipiga hadi ikang'ara. Ruweida alipoinusa, harufu ya shaba haikuwapo.

"Mzee wangu, umeivisha nguo! Virusi haviigusi tena."

"Lo! Mwanangu, mie nilitaka ipendeze, kwa ajili ya baba yako."

Hakumgombeza. Walikaa wote wawili na msasa hadi alasiri, wakikwangua. "Iacheni ifubae, weusi hauizuii kazi," akasema, "likija balaa jingine, maiti asikose wa kumbeba."

Mwaka 2024 alipatikana na saratani ya damu. Alitibiwa Dar es Salaam, akaomba kurudishwa kwao Wingwi. Siku zake za mwisho alikuwa akimuuliza Hafidh, "Mipini haijapakwa tena?" Alifariki Alhamisi, 17 Julai 2025, baada ya alfajiri.

Ameacha mume, watoto wawili, Yumna na Fahd, mama yake Bi Mize, na sisi nduguze.

Leo mmegombania kumbeba, hadi njia ikawa nyembamba. Nuseni viganja vyenu. Harufu hiyo ya shaba ni kazi yake. Mzee Bakar, vanishi weka mbali.

Mola ampokee kama mlivyompokezana nyinyi, mkono kwa mkono, bila hofu. Amin.