Gasper Mchopa, Aliyeufuata Mkate wa Mayai Mpaka Keko

Baba Padri, wakwe zetu, majirani wa Lukuledi, na nyinyi mliopanda lori kutoka Newala kabla hakujapambazuka, tunawashukuru kwa kufika. Tunayemsitiri leo, Alhamisi tarehe 19 Juni 1997, ni Gasper Mchopa, Baba Getrude. Maisha yake ni haya, kama tunavyoyajua sisi ndugu zake.

Marehemu alizaliwa Chilangala, wilaya ya Newala, tarehe 12 Machi 1934, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Simoni Mchopa na Mama Dorika. Tarehe hiyo ni ya kitabu cha Padri. Mama yetu alihesabu kwa nzige. Alisema walitua asubuhi, wakala mtama wote wakaacha bua moja, ndipo mtoto akazaliwa, akalia kwa sauti nzito mpaka nzige wakainuka wote wakahamia shamba la jirani. Jirani yule hakutusamehe mpaka anaingia kaburini.

Mwaka 1944 marehemu aliletwa hapa Lukuledi kwa baba yake mdogo, kwa kuwa kule Chilangala maji yalikuwa mbali bondeni na shule ilikuwa mbali zaidi ya maji. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akamaliza mwaka 1949. Aliweza hesabu, na aliweza kuimba kupita kiasi. Kwaya ilimweka pembeni mwaka mzima, kwa sababu wenzake wakishanyamaza, sauti yake ilikuwa inabaki kanisani. Msidhani alichelewa kufunga mdomo. Mdomo ulikuwa umefungwa.

Alijifunza uashi, na kuanzia mwaka 1955 akawa fundi wa matangi ya kukingia mvua. Huko juu Newala nyumba nyingi zilizoacha kuteremka bondeni na ndoo ziliacha kwa mkono wake. Kila tangi alipolimaliza aliingia ndani akaimba, akasikiliza. Likimjibu sawasawa, halina ufa. Mwenye tangi mmoja alimfuata kulalamika kwamba mvua mbili zimepita na tangi bado linaimba, watoto wanaogopa kuchota. Marehemu akamwambia, "Umelijaza nusu. Lijaze, litanyamaza." Kweli lilinyamaza, ingawa wapo wanaosema huwa linaguna wakati wa Kwaresima. Pamoja na uashi alilima mihogo na kutunza mikorosho yake.

Tarehe 4 Agosti 1962 alifunga ndoa katika kanisa hili na Anjelina, binti wa Kimakua wa hapa hapa, aliyekuwa mpishi wa Masista. Walikutana marehemu alipoitwa kukagua tangi la jikoni. Anjelina akampa alichokuwa nacho: mkate uliokauka, ukakatwa slesi, ukachovywa kwenye mayai yaliyopigwa na maziwa na kungumanga kidogo, ukakaangwa kwa siagi mpaka pembe zikawa kahawia. Masista walikuja na upishi huo kutoka kwao, ili mkate wa jana usitupwe. Marehemu alikula, akalamba vidole, akasema, "Dada, tangi hili lina nyufa nyingi sana. Nitarudi kesho." Tangi halikuwa na ufa hata mmoja. Alilikagua mpaka likachoka. Wakaoana, akahamia kwa wakwe kama ilivyo desturi, na mwaka 1966 Mungu akawapa Getrude.

Anjelina alifariki tarehe 9 Mei 1983 kwa homa. Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu maisha ya marehemu ya baada ya hapo yote yalitoka kwenye arobaini ya mkewe.

Mnajua desturi yetu. Siku ya kuanua tanga hupikwa chakula alichokipenda aliyetangulia, kwa upishi wake mwenyewe. Wenye msiba wote wanaonja, ndipo anaagwa, ndipo nyumba inafunguliwa kwa mambo mengine. Chakula cha Anjelina kilijulikana. Lakini mwaka ule nani alikuwa na mkate? Sabuni tuliisikia kwa jina, na unga wa ngano ulikuwa kama hadithi ya sungura. Mwenye msiba alikuwa Yeremia, kaka yake Anjelina, huyu aliyekaa mbele hapa na kofia magotini. Yeye alisema, "Mkate ni mweupe, muhogo ni mweupe. Kateni slesi, chovyeni mayai. Dada yangu anaijua hali ya nchi." Tukakata, tukachovya, tukala. Ulikuwa mtamu. Tukamwambia Anjelina safari njema na midomo yetu ina muhogo.

Juma halikuisha. Asubuhi moja Getrude alitoka jikoni akauliza, "Baba, nani anakaanga?" Jiko lilikuwa na majivu ya jana. Kikaango kilikuwa ukutani kwenye msumari wake, na kilikuwa na joto. Harufu ya siagi na kungumanga ilijaa nyumba, ikatoka mpaka njiani, na kila aliyepita alishikwa na njaa hata kama ametoka kula. Ikawa hivyo kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka. Marehemu alizoea kuamka mapema, anakaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, kimya, mpaka harufu iishe. Watu walidhani anaogopa. Dada yake, Mabel, alipomuuliza alijibu, "Niogope nini? Huyu ni mke wangu."

Sawa, lakini palikuwa na binti. Mwaka 1987 Benedikto, mwalimu kutoka Nanganga, alileta posa. Kwa desturi yetu mjomba ndiye mwenye neno, na Yeremia aliirudisha. "Sitoi mtoto kwenye nyumba ya msiba," alisema. "Mama yake bado yumo jikoni."

Wakati huo ruksa ilikuwa imeshaingia, maduka yamefunguka, mkate unapatikana Masasi. Tukaununua, shangazi zake wakaukaanga, tukala tena wote. Kesho yake mayai yote kwenye viota vya kuku yalikuwa mepesi mkononi. Maganda mazima, hayana tundu, na ndani hamna kitu. Yeremia aliyatikisa moja moja sikioni, akasema, "Ameonja, amekataa. Huu siyo wake." Na nani angeujua wake? Sista aliyemfundisha alikuwa amesharudi kwao, na Anjelina alikuwa hamwachii mtu kikaango. Huku nako mama yake Benedikto akaanza kupeleka macho kwenye nyumba nyingine. Getrude alianza kukonda.

Ndipo Husseni, mtoto wa jirani yetu, akarudi kijijini kutembea. Alikuwa miongoni mwa vijana wetu waliokwenda Dar es Salaam kuuza mikanda mabegani pale Kariakoo. Akamwambia marehemu, "Shikamoo Baba Getrude. Mji ule una watu wa kila taifa na kila upishi. Kama mkate huo upo duniani, upo Dar."

"Marahaba," marehemu akasema. "Tunaondoka lini?"

Julai 1989 walikwenda. Husseni, aliyepo hapa leo, alimzungusha mji mzima. Walikula slesi za mayai kwenye hoteli za chai Kariakoo, wakala za mama lishe wa Magomeni na Ilala, wakala kwa mpishi mmoja wa Kigoa kule Upanga aliyewakaribisha mlango wa nyuma. Posta waliingia hoteli ya wageni, wakaletewa zilizomwagiwa asali juu, na uma. Marehemu alikuwa anatafuna akiwa amefumba macho, kisha anatoa hukumu. Huu umewekewa sukari kuficha maji. Huu yai lake ni la kuku mwenye mawazo. Huu wa Posta ni mzuri, ila umekaangwa na mtu ambaye hajui nani ataula. Yule Mgoa alimpongeza kwa kumshika mkono. Ukimuuliza leo Husseni ni upi bora Dar es Salaam nzima katika ile inayouzwa, atakwambia wa Mgoa, na marehemu alikubali. Lakini alitikisa kichwa. "Bora siyo wake."

"Baba Getrude, nisamehe," Husseni akasema, "tumbo langu limeshakuwa tanuri. Chukua wa Mgoa, twende nyumbani tukamdanganye."

"Tulishamdanganya mara mbili. Ongoza njia."

Walikuwa wanapita Keko asubuhi, nyuma ya karakana za maseremala, marehemu aliposimama. Husseni hakunusa kitu, ila alishikwa na njaa, na tangu siku ile ya Posta alikuwa hataki kuona chakula. Marehemu akaingia kichochoro, akachuchumaa. Hapo simulizi ni mbili, na tunazisoma zote.

Husseni anaapa aliona ukuta. Ukuta wa matofali, maranda ya mbao chini, na marehemu amechuchumaa anaongea Kimakua na ukuta huo.

Marehemu alisema alimkuta mwanamke ameketi akimpa mgongo, kanga kichwani, jiko la mkaa mbele yake, na mkaa haukuwa na moto. Slesi zilikuwa zinachemka kwenye mafuta. Hakugeuka. Alisema, "Baba Getrude, mnanipa muhogo?"

Marehemu akamjibu, "Mama Getrude, ungesema."

"Nimesema kila asubuhi. Nyinyi mlisikia njaa tu."

Akaziepua, akaziweka kwenye kitambaa. "Wape wote, Yeremia aanze. Mtoto aolewe."

"Na wewe?"

"Wakishakula huu, sitakuja tena."

Marehemu alituambia kwamba pale mkono wake ulikataa. Alikaa bila kukichukua kitambaa, na yule mwanamke hakumhimiza. Jua lilipanda likafika kwenye maranda. Asubuhi zake zote alizokaa kwenye kigoda ndizo alizokuwa anaulizwa kama yuko tayari kuzitoa, na mwenzake anajua. Mwishowe akasema, "Getrude amekonda," akakichukua. Alipoinua macho palikuwa na ukuta, kama wa Husseni.

Lakini kitambaa Husseni alikiona. Slesi aliziona, na moja aliila, na mpaka leo hawezi kuisimulia bila kumeza mate. Nyingine marehemu alizifunga kifuani, akapanda lori la Masasi. Lori lile lilikwama kwenye tope la Rufiji wakati wa kiangazi, mahali pasipo na tope, na abiria wote wakawa wanamwangalia kifua. Aliteremka hapa Lukuledi amevimba miguu. Kitambaa kilikuwa bado na joto.

Yeremia alianza kuonja. Alitafuna taratibu, akavua kofia, akasema, "Ni wake." Tukala wote, watoto wakapewa makombo. Marehemu alikula wa mwisho. Tukamuaga Anjelina kwa mdomo safi. Kesho yake nyumba haikunuka chochote, na kikaango kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Jumamosi tarehe 28 Oktoba 1989 Getrude alifunga ndoa na Benedikto, na marehemu alicheza ngoma mpaka suruali ikachanika, dada yake akamfunga kanga.

Tangu hapo aliishi peke yake. Tulimletea wajane wazuri, akawaomba msamaha. Alisema tu kwamba asubuhi zimekuwa ndefu.

Mwaka 1996 kifua kilianza kumsumbua, kazi ya saruji miaka mingi. Alitibiwa hospitali ya misheni, akapata nafuu, akarudi nyumbani Pasaka. Mwezi huu hali ikageuka. Getrude alipoona hivyo alimuuliza kile ambacho sote tulikuwa tunaogopa kukiuliza: "Baba, siku ya kuanua tanga lako tupike nini?" Kwa maana marehemu, mbali na mkate ule, alikula kila alichowekewa na hakusifu hata kimoja. Kisamvu, kunde, ugali wa muhogo, samaki mkavu, yote kwake ilikuwa "asante, mama". Alicheka mpaka akakohoa. "Mnaniondoa haraka hivyo?" Getrude akambembeleza. Yeremia akamwambia, "Shemeji, usitutese, sema." Marehemu akamshika Getrude mkono, akasema, "Nitawaambia mwenyewe." Alifariki asubuhi ya Jumanne tarehe 17 Juni 1997, hajasema.

Ameacha mtoto mmoja, Getrude; mkwe, Benedikto; wajukuu, Anastasia na Simoni; dada, Mabel; shemeji, Yeremia; na matangi yake yote ya Newala, yaliyojaa na yaliyo nusu.

Familia inamwomba kila aliyewahi kula sahani moja na marehemu akumbuke ni lini alimwona akiomba kuongezewa, na ni chakula gani, amwambie Getrude kabla ya arobaini. Asiyekumbuka asibuni.

Bwana ampe Gasper mapumziko mema. Na akianza kusema, tumsikie mara ya kwanza.