Ramazani bin Yakubu, Mwalimu wa Ngumi Asiyejua Kukaa

Tarehe 30 Juni 1957, baada ya miaka ishirini na minne ya kazi, Bwana Ramazani bin Yakubu anastaafu ukapita, yaani usimamizi, wa karakana ya useremala hapa kambi ya Salamabila. Seremala mwingine tutampata. Mwalimu mwingine wa ngumi, sina hakika.

Alitoka Kasongo akiwa kijana mwembamba, akafundishwa ngumi na askari jirani yake kambini. Tangu klabu yetu ya ngumi ianze, hajawahi kutazama mazoezi akiwa ameketi. Huzunguka ulingo, huvuta kamba, hukaza viatu vilivyokwisha kukazwa, huku macho yake yakifuata macho ya wanafunzi. Anayetazama mlangoni husimamishwa papo hapo.

Mwaka 1951 timu ya Kindu ilikuwa imekwisha kufika kwa lori, pambano likiwa kesho yake. Katika mazoezi ya mwisho, bingwa wetu Michel alichapwa na mtu ambaye siku zote hakuweza hata kumgusa. Akaanguka.

“Akili yako iko wapi?” Ramazani alimuuliza.

“Iko kwa nyumba, mwalimu. Léontine iko na uchungu tangu jana, mutoto hatoke.”

“Na huku ulikuja kufanya nini? Vua glavu. Enda kwa bibi yako!”

Mkuu wa kambi, Mzungu aliyewaalika wageni, aliwaka. Michel asipopanda ulingoni, alisema, klabu itafungwa. Ramazani hakumwita Michel. Kesho yake alivua shati akapanda mwenyewe, na alikuwa amekwisha kupita arobaini. Alipigwa vibaya, akashindwa kwa pointi, lakini hakulala chini. Mkuu akaridhika, klabu ikabaki wazi.

Michel na majirani walikuwa wamembeba Léontine kwa kipoyi, machela ya kubebwa mabegani, hadi hospitali. Daktari aliwaambia wangechelewa kidogo wangezika wawili. Mtoto huyo, Sidonie, ameanza shule mwaka huu.

Tangu hapo, kabla ya kuvaa glavu, kila mmoja husema linalomsumbua. Mwenye mgonjwa hurudishwa nyumbani. Hakuna anayechekwa.

Wiki hii Mzee Ramazani amefunga masanduku, akayafungua, akayafunga tena. Ukimuuliza atafanya nini Kasongo, anajibu, “Sijue bado,” na kuinuka chai ikiwa ya moto. Mkewe, Mama Mwamvita, tunamwombea uvumilivu.

Mzee, klabu nzima inakushukuru. Nenda salama, Mungu akujalie afya, na mlango wako Kasongo usikose wageni. Sisi tutakuwa wa kwanza kubisha hodi.