Waliosema Nimenona

Mwadila, kina mama. Itikieni vizuri basi, msiitikie kama mmebanwa na mlango.

Nesi wetu kaniambia nisimame niwaeleze yaliyonipata, kwa kifupi, na nisitaje jina la mtu. Kwa kifupi siwezi, sijawahi. Jina la mtu sitataja, naahidi mbele yake. Lakini wapo humu ghalani, nawaona. Mmoja kajifunika kanga mpaka puani kama ana baridi, na joto hili. Mama, funua uso. Hewa ni bure.

Halafu mmezoea mtu akisimama kutoa ushuhuda anaanza kwa kulia na anamaliza kwa kusamehe. Mimi kulia nilishamaliza. Kusamehe nasamehe kidogo kidogo, na wengine wenu bado mko kwenye foleni.

Basi sikilizeni. Ni miaka saba sasa. Kijiji hiki kilikuwa kichanga, tumehamishwa kutoka kwetu tukapangwa kando ya barabara kama viazi gulioni. Nilikuwa na mabinti wawili na mimba ya tatu. Wanaonijua wanajua nilikuwa mtu wa kazi. Nilikuwa nalima mpaka jembe linaomba ruhusa likanywe maji. Nikibeba kuni, ukiniona kwa mbali unasema msitu unahama.

Mimba ilipofika mwezi wa mwisho nikaanza kuchoka. Siyo uchovu wa mimba, huo naujua, nimeshalala nao kitanda kimoja mara mbili. Huu ulikuwa mgeni. Kutoka nyumbani mpaka kisimani, hapo ambapo ukipiga chafya wanakujibu, nilikuwa nasimama mara tano. Moyo unapiga kama ngoma za mavuno, nikawa nashangaa jirani hatoki kucheza.

Nikajifungua salama. Mtoto wa kiume, mkubwa, akalia mpaka ng'ombe wakaitikia zizini. Mama mkwe wangu akaishika kazi yake ya kumlea mzazi. Mnajua tulivyo sisi. Mzazi anakaa ndani, anakandwa maji ya moto, analishwa uji mpaka aseme basi, na akisema basi anaongezwa. Ndugu zangu, mama yule alinipenda. Aliniwekea magadi kwenye uji, na kwenye mchuzi wa samaki akatia chumvi ambayo ziwa letu lote halijawahi kuiona.

Wiki ya pili nikaanza kunona. Miguu ikajaa, uso ukajaa, macho yakabaki kama vifungo vya shati kwenye godoro. Mama mkwe akawa anawaita wenzake.

"Njooni mwone ninavyolea!"

Wanakuja, wananibinya mashavu. "Mayu! Huyu kanona. Unampa nini?"

"Uji tu, jamani. Uji na mapenzi."

Na mimi mjinga nacheka. Navimba, nacheka.

Kumbe kulala siwezi. Nikijinyoosha tu kwenye mkeka naona kama mtu kanikalia kifuani, tena siyo mtu mmoja, ukoo mzima na mizigo yao. Nikikaa nikaegemea ukuta, pumzi inarudi. Basi nikawa nalala nimekaa kama abiria. Na kikohozi juu. Mama mkwe akasema ni moshi wa jikoni. Mume wangu akasema ni upepo wa ziwani. Mimi nikasema sijui, na ndiye niliyekuwa karibu na ukweli kuliko wote.

Siku za kukaa ndani zikaisha, na pamba imeiva. Ile rimu ya lori iliyokuwa kengele yetu ikigongwa asubuhi kila mtu anatakiwa shamba la kijiji, mzazi wa mwezi mmoja na nusu naye yumo. Nikaenda na mwanangu mgongoni. Sikumaliza hata mstari mmoja. Nikakaa chini katikati ya pamba.

Mama mmoja aliyekuwa anatusimamia siku zile, jina sitataja, akaja juu yangu.

"Wewe! Umeota mizizi hapo?"

"Napumzika, mama. Pumzi imeniishia."

"Imeishia wapi, na mwili wote huo? Sisi tunakonda juani, wewe unanona kwa jasho letu. Kupe!"

Kupe, kina mama. Mnalijua neno hilo lilivyokuwa siku zile. Afadhali uitwe mchawi, mchawi angalau watu wanamwogopa. Kupe anatafutwa abanduliwe.

Kuanzia hapo nikipita watoto wanaimba, "Kupe kashiba, kupe kashiba." Kisimani nikawa sipati mtu wa kunitwisha ndoo. Nyie nyie! Ndoo nilizokuwa nawatwisha kabla ya hapo zingejaza bwawa. Wengine wenu mlikuwa mnanipisha njia kama nanuka. Sijasahau. Miguu ilijaa maji, kichwa hakikujaa.

Nikamwambia mume wangu. Mume wangu ni mpole, mpole mpaka inauma.

"Jikaze kidogo, mke wangu. Watu wanasema."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema watu wanasema."

Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mambo yalikuwa mawili, vyoo na watega kazi. Vyoo alikuja kuvisemea bwana afya, yule wa baiskeli, ambaye kijiji kizima kilikuwa kinamchukia. Anaingia mpaka nyuma ya nyumba yako, anachungulia shimo, anaandika kwenye daftari. Kwangu alikuwa kapita wiki moja nyuma, nikamwambia akachimbe kwa mama yake. Siku ile alikuwa kakaa kwenye kiti anangoja zamu yake.

Wakaanza na watega kazi. Watega kazi wenyewe nilikuwa mimi peke yangu. Nikasimamishwa mbele, mtoto mgongoni.

"Geuka watu wakuone," akasema mkubwa wa mkutano.

Nikageuka. Yule mama msimamizi akanyoosha kidole. "Mnataka ushahidi gani tena? Ushahidi huo hapo umevaa kanga!"

Mkacheka. Usitazame pembeni, mama, nilikuona. Niliona meno ya kila mtu siku ile, mpaka leo nikikutana na mtu akicheka njiani namjua, huyu alikuwepo.

Hukumu ikatoka palepale. Kuanzia kesho yake nivune mistari kumi kila siku, peke yangu, na kwenye duka la kijiji nisionekane mpaka nimalize. Ndugu zangu, mimi mistari kumi ya maneno nilikuwa siwezi. Nilijua kabisa kesho ile nitafia kwenye pamba, na mtoto mgongoni. Nikataka kujitetea. Mimi, mdomo huu mnaousikia, mdomo unaomaliza salamu za watu watatu! Yakatoka maneno matatu tu.

"Siwezi... kulala... jamani."

"Hawezi kulala! Ni shibe hiyo!" Vicheko tena.

Bwana afya akainuka kwenye kiti chake.

"Mama, ukilala inakuwaje?"

"Nazama."

"Kwa hiyo unalalaje?"

"Nakaa."

"Tangu lini?"

"Tangu... mtoto."

Akaja akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya kupiga pasi, akashika mguu wangu. Hapo mume wangu akapata sauti kwa mara ya kwanza: "We bwana! Mguu huo una mwenyewe!"

"Mwenyewe angeutazama mapema," bwana afya akamjibu, wala hakuinua kichwa.

Akabonyeza kidole gumba hapa mbele kwenye mfupa, akakaa nacho, akakitoa. Shimo likabaki. Mnajua huwa naongeza chumvi kwenye habari zangu, lakini hili siongezi. Shimo lilibaki, ungedondosha mbegu ya pamba ikaota.

Akamgeukia yule mama. "Na wewe lete mguu."

"Wangu wa nini?"

"Huyu mnasema mnene. Wewe ni mnene. Tulinganishe."

Angekataa vipi, mbele ya watu wote? Akatoa mguu. Bwana afya akabonyeza, akaachia, nyama ikarudi mahali pake saa ileile kama mpira.

"Huu ndio unono," akasema. "Ule ni maji. Huyu mama anazama yuko nchi kavu, na ninyi mnampangia mistari ya pamba."

Hakuna aliyecheka. Habari za vyoo siku ile hazikusemwa kabisa.

Wanaume wakakimbia kuleta kitanda wanibebe, ndivyo tulivyozoea, mgonjwa analazwa. Wakanilaza. Nikaona giza. Bwana afya akapiga kelele, "Mwinueni! Mnammaliza!" Akanipandisha kwenye baiskeli yake nyuma, nikaegemea mgongo wake, mume wangu akatufunga pamoja kwa kanga mbili. Mume wangu mwenyewe alifunga fundo. Bwana yule aliendesha mpaka kivukoni kwenye vilima ambavyo hata mbuzi wanapanda kwa kupokezana. Mama mkwe alifuata kwa miguu, mtoto mgongoni, na naapa alifika pamoja na sisi. Waliobaki kijijini mkasema nimetoroka na bwana afya. Hata pumzi ya kutoroka ningeipata wapi?

Tukavuka na pantoni mpaka Mwanza mjini. Hospitali wakanipiga picha ya kifua. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mgambo, akaniambia moyo wangu umetanuka na kulegea, hausukumi damu vizuri, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Akasema humpata mwanamke mwisho wa mimba au akishazaa, ni ugonjwa wa nadra, na kwa nini hasa unampata huyu na kumwacha yule hata wao hawajui. Nikapewa dawa ya kukojoa. Kina mama, nilikojoa mpaka nikaogopa kivuko kitaelea kikafike Bukoba. Siku ya nne nikalala chali. Nikalala chali! Nesi alinikuta nalia akadhani naumwa.

Daktari akauliza, "Anakula nini huyu?" Mama mkwe akajibu kwa fahari, uji wa magadi na mchuzi wenye chumvi ya kutosha. Daktari akamweleza taratibu kwamba ugonjwa hakuuleta yeye, lakini chumvi ile ilikuwa inazidi kuyavuta maji. Mama wa watu akakaa chini sakafuni, akajifunika kichwa.

Halafu likaja neno la mwisho. Nisibebe mimba nyingine. Moyo huo ukirudishiwa mzigo, daktari alisema, haniahidi kitu.

Nikakaa kule miezi miwili, nikarudi na vidonge na miguu yangu mwenyewe. Na ninyi mkarudi na lenu. "Mtoto wa kiume mmoja tu? Mwanamume aoe mwingine." Wajomba wa mume wangu wakaja kikao kizima, wanakunywa chai yangu wanapanga tumbo langu. Mume wangu kainama. Nikasema basi, leo watu watasema na yeye atasema watu wanasema.

Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nilikaribia kumuua kwa uji," akasema. "Kwa mimba simuui. Anayetaka mtoto mwingine hapa azae yeye."

Wajomba wakatafuta kofia zao. Wiki iliyofuata mume wangu akanisindikiza mwenyewe kuwekewa kitanzi cha kuzuia mimba.

Namshukuru bwana afya, popote alipo, na choo nilichimba, kirefu mpaka nikasikia watu wa upande wa pili wa dunia wanasalimiana. Namshukuru daktari yule na manesi wake. Mume wangu namshukuru kwa lile fundo la kanga. Mama mkwe, wewe nakushukuru kila siku, kaa chini usilie, utanichekesha.

Na ninyi wengine nawaachia hili. Mzazi unayemlea akivimba, usiite majirani waje kusifu. Mbonyeze mguu uone kama shimo linabaki. Kumlaza chali usimlaze. Muulize analalaje, halafu ngoja ajibu, hata kama anajibu neno mojamoja. Ukiona siyo, mlete kwa nesi akiwa amekaa, siyo amelazwa.

Nimemaliza. Anayetaka kunipigia makofi apige. Anayetaka kuninunia aninunie, ila aninunie akiwa njiani kwenda kubonyeza mguu wa mkwewe.